Bustani ya Nyumbani Majira ya Kuchipua: Namna ya Kuwakaribisha Nyuki, Vipepeo na Ndege, na Kuwafurahia Kila Siku

Bustani haihitaji kuwa kubwa ili iwe na uhai. Ukanda wa udongo kando ya ukuta, vyungu vichache barazani au kipande cha uani vinatosha kuleta nyuki, vipepeo na ndege, mradi yawepo maua, maji na pembe moja isiyoguswa. Majira ya kuchipua, iwe huko uliko hufika baridi ikiisha au mvua zikianza, ndiyo wakati mzuri wa kuanza. Wakati huo kila kiumbe kinatafuta mahali pa kuzalia na chakula cha watoto wake, na kikipata hubaki.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi, toka siku ya kwanza hadi bustani inapochangamka. Mboga na matunda utavuna, lakini hapa nia yangu hasa ni ile furaha ya kutoka nje asubuhi na kukuta jambo jipya. Furaha hiyo huandaliwa kwa mikono, kisha hupewa muda. Sehemu ya pili ndiyo wengi huisahau.

Hatua ya kwanza: tazama kabla ya kushika jembe

Kwa siku kadhaa usichimbe wala usikate kitu. Angalia jua la asubuhi linapiga wapi, la mchana linachoma wapi, na maji ya mvua yanatuama wapi. Chora ramani kwenye karatasi, hata kama ni mistari minne tu na majina ya pembe. Halafu angalia nani tayari anaishi hapo. Geuza majani uone chini yake, chungulia ndani ya vichaka, inua jiwe kisha ulirudishe lilivyokuwa.

Haraka ya kusafisha ndiyo inayoharibu bustani nyingi mwanzoni mwa msimu. Mabua makavu yanayoonekana kama takataka mara nyingi yana nyuki wachanga ndani, au pupa wa kipepeo aliyening'inia akisubiri siku yake. Ukilazimika kuyakata, bakiza visiki vya sentimita 20 hadi 45, kwa kuwa nyuki fulani hutaga ndani ya mabua yenye uwazi. Uliyoyakata usiyachome, yaegemeze kwenye pembe ili waliomo watoke wenyewe hali ya hewa ikitulia.

Hatua ya pili: udongo

Chukua konzi ya udongo uufinye. Ukibaki donge linalong'aa na kunata, bado umelowa mno na ukiulima utaugandamiza. Ukivunjika taratibu kwa kuguswa na kidole, uko tayari. Tandaza mboji unene wa sentimita 3 hadi 5 juu ya udongo na uiache hapo. Hakuna haja ya kuipindua chini sana, kwa maana minyoo ya ardhini, wale wanaoitwa nyungunyungu, wataishusha wenyewe.

Hawa minyoo wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa. Charles Darwin aliwachunguza kwa miaka mingi, na mwaka 1881 alichapisha aliyoyaona: namna wanavyopitisha udongo tumboni na kuutoa juu, hata mawe yaliyolala juu ya ardhi yakazama kidogo kidogo. Aliona pia kwamba mnyoo akivuta jani shimoni mwake, mara nyingi hulishika kwenye ncha iliyochongoka, ambako ndiko rahisi kupita. Hili unaweza kuliona mwenyewe. Subiri usiku wenye unyevu, funika tochi kwa kitambaa au karatasi nyekundu, kwa sababu mwanga mwekundu hauwasumbui sana, kisha tembea polepole. Wanahisi mtikisiko wa nyayo, na ukikanyaga kwa kishindo watarudi chini kabla hujawaona.

Baada ya mboji weka matandazo ya majani makavu au nyasi, sentimita 5 hadi 8, ukiacha nafasi kuzunguka shina ili lisioze. Ila usifunike kila mahali. Acha kipande kidogo cha udongo mtupu, upana wa sinia, sehemu inayopata jua. Duniani kuna aina zipatazo 20,000 za nyuki, na nyingi haziishi mizingani. Jike huishi peke yake, na wengi huchimba vishimo ardhini. Utaona tundu dogo lililozungukwa na kijilima cha udongo laini, na nyuki akiingia na miguu iliyojaa chavua ya manjano. Usiogope kukaa karibu. Nyuki wa namna hii hana mzinga wa kuulinda, hivyo ni nadra kuuma, na dume hana mwiba kabisa.

Hatua ya tatu: panda kwa ajili ya wageni

Unapochagua mmea jiulize: huu ni wa nani? Swali hilo moja hubadilisha bustani nzima.

Kwa nyuki, panda maua ya buluu, zambarau, manjano na meupe. Nyuki hawaoni rangi nyekundu kama tunavyoiona sisi, ila wanaona miale ya urujuanimno ambayo macho yetu hayaioni, na maua mengi yana alama za miale hiyo zinazowaongoza kwenye mbochi, yaani majimaji matamu ya ua. Karl von Frisch ndiye aliyethibitisha kwa majaribio kwamba nyuki huona rangi, na mwaka 1973 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili kwa kazi zao juu ya tabia za wanyama. Maua mekundu usiyatupe lakini. Ndege wanywao mbochi huyapenda, hasa yenye umbo la mrija.

Panda kwa makundi. Nyuki huwa anafuata ua la aina moja katika safari moja, kwa hiyo kundi la mimea ya aina moja, lenye upana wa kama mita moja, humfaa kuliko mche mmoja mmoja uliotawanywa. Epuka maua yaliyozalishwa yawe na petali nyingi zilizosongamana. Yanapendeza machoni, lakini mara nyingi mbochi ni haba au haufikiki.

Viungo vya jikoni ni hazina ambayo wengi huivuna mapema mno. Acha sehemu ya mirihani, giligilani, shibiti na shamari ichanue. Vishada bapa vya giligilani, vyenye vijiua vidogo vidogo, huwapokea hata wadudu wenye midomo mifupi, wakiwemo nzi wa maua na nyigu wadogo ambao watoto wao hula wadudu waharibifu. Nzi wa maua ana mistari ya manjano na meusi kama nyuki, lakini ana mabawa mawili tu, na anaweza kusimama hewani bila kusogea. Ukimwona akining'inia juu ya giligilani, tulia umtazame.

Kwa vipepeo, maua peke yake hayatoshi. Kipepeo mzima hunywa mbochi wa maua mengi, lakini kiwavi wake huenda akala mmea wa aina moja au chache tu. Vipepeo wa jamii ya monaki, wale wa rangi ya chungwa na nyeusi, hutaga kwenye mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, na viwavi wao huhifadhi sumu ya mmea huo mwilini ili ndege wawakatae. Baadhi ya vipepeo wenye mikia hutaga kwenye michungwa na milimau, na kiwavi wao akiwa mdogo anafanana kabisa na kinyesi cha ndege. Vipepeo weupe hutaga kwenye kabichi na jamaa zake. Mwenye kutaka vipepeo akubali majani yaliyotoboka. Kabichi mbili tatu zipande pembeni ziwe zao, na viwavi utakaowakuta kwenye kabichi zako uwahamishie huko.

Miongoni mwa mboga, ningekushauri usikose boga na nyanya, kwa sababu ya yale utakayoyaona. Maua ya boga hufunguka alfajiri na kusinyaa kabla jua halijawa kali sana. La kike linajulikana kwa kijiboga kidogo nyuma ya petali. La kiume lina kikonyo chembamba tu. Kijiboga kisipopata chavua hugeuka manjano na kudondoka, kwa hiyo nyuki wa alfajiri ndio wanaoamua mavuno yako. Wakiwa wachache, chuma ua la kiume, ondoa petali, na ulipake taratibu katikati ya la kike.

Nyanya nayo huficha chavua ndani ya vijifuko vinavyotoa unga kwa nchani tu. Nyuki wakubwa wenye manyoya hulishika ua kwa taya, hutuliza mabawa na kutetemesha misuli ya kifua mpaka unga umwagike. Nyuki wa asali hawawezi kazi hii. Simama karibu na usikilize: mvumo wa kawaida wa kuruka hukatika, halafu huja mwingine wa sauti ya juu zaidi, mfupi. Kila ukiusikia jua kuna ua limetoa chavua yake.

Kuhusu kusia mbegu, kanuni ni fupi. Zika mbegu kwa kina cha mara mbili au tatu ya unene wake. Zile ndogo kama vumbi zibonyeze tu juu ya udongo. Weka unyevu bila kulowesha. Miche iliyokulia ndani izoeshwe nje kidogo kidogo kwa wiki moja kabla ya kupandikizwa, na kupandikiza kufanyike jioni. Mwagilia asubuhi, chini kwenye shina.

Pangilia pia wakati wa kuchanua, ili mimea ya mwanzo ikimaliza kuna mingine inayofunguka. Pengo la wiki tatu bila maua linaweza kuwahamisha nyuki uliowangoja.

Hatua ya nne: maji

Sahani pana ya udongo inatosha. Kina kiwe sentimita 2.5 hadi 5, na kama ndani ni laini weka kokoto ili miguu ya ndege isiteleze. Kwa nyuki na vipepeo, weka mawe yanayochomoza juu ya maji wapate pa kutua. Nyuki huzama upesi kwenye maji ya wazi. Sahani ikae karibu na mti ambao ndege anaweza kukimbilia, lakini mbali kiasi cha mita mbili na kichaka kizito anakoweza kujificha paka.

Badilisha maji kila siku ukiweza, na uisugue sahani kila wiki. Kwenye joto, yai la mbu huweza kuwa mbu mzima kwa siku 7 hadi 10, hivyo maji yasiyobadilishwa wiki nzima ni kitalu cha mbu.

Ukiwa na nafasi zaidi, zika beseni ardhini uwe na kidimbwi. Lazima kiwe na ngazi ya mawe au upande wa mteremko, ili kiumbe kikianguka kiweze kutoka. Usitie samaki, kwa kuwa watakula mayai na viluwiluwi. Usibebe mayai ya vyura kutoka dimbwi la mbali, maana magonjwa husafiri nayo. Vyura wakiwepo jirani watakuja wenyewe. Mayai yakiwa bonge la utelezi, mara nyingi ni ya vyura wenye ngozi laini. Yakiwa nyuzi ndefu, ni ya wale wenye ngozi ya vipele. Baada ya hapo kaa uone mojawapo ya mabadiliko ya ajabu kabisa: kiluwiluwi huota miguu ya nyuma, kisha ya mbele, na mkia huingia mwilini polepole. Chura mzima atakulipa kwa kula wadudu na konokono wadogo usiku kucha. Kidimbwi kikae mahali ambapo watoto wadogo hawafiki peke yao, na kama kuna watoto nyumbani, sahani inatosha.

Hatua ya tano: pembe isiyoguswa

Chagua sehemu moja, rundika magogo, mawe na majani makavu, halafu uiache. Usipange vizuri. Mijusi, vyura, mbawakawa, tandu na majongoo watajipangia. Magogo yakianza kuoza ndiyo yanapata wakazi wengi.

Unaweza kuongeza nyumba ya nyuki wapweke. Toboa kipande cha gogo kikavu kisichopakwa dawa, matundu ya kipenyo cha milimita 3 hadi 10 na kina cha kama sentimita 15, yasitokee upande wa pili. Kiinue kama mita moja, kielekee jua la asubuhi, na kifungwe imara kisiyumbe. Tundu likizibwa kwa matope au vipande vya majani, kuna mayai ndani. Huenda pia ukaona majani ya waridi yamekatwa duara safi ukingoni. Si ugonjwa, ni nyuki mkata majani amechukua kuta za chumba cha mtoto wake, na mwaridi hautadhurika.

Hatua ya sita: vidukari, na uvumilivu

Hapa ndipo watu wengi huharibu kila walichojenga. Vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, wakijaa kwenye chipukizi, mkono hukimbilia dawa. Nakuomba usubiri.

Ni kweli wanaongezeka kwa kasi. Kwenye joto jike huzaa bila dume, huzaa watoto hai, na hao nao huanza kuzaa baada ya wiki moja hivi. Lakini wanaowala huja nyuma yao, na huchelewa kidogo. Ukipuliza sumu unaua wote wawili, na vidukari ndio wa kwanza kurudi.

Tumia siku hizo kutafuta dalili za msaada. Mayai madogo ya manjano yaliyosimama kwa kundi chini ya jani ni ya mbawakawa wekundu wenye madoa meusi. Watoto wao hawafanani nao kabisa: ni warefu, weusi, wenye madoa ya rangi ya chungwa na miguu sita, na wengi huuawa kwa kudhaniwa waharibifu. Kila mmoja hula vidukari mamia kabla ya kuwa mkubwa. Ukiona kidukari kilichovimba, kikavu, cha rangi ya kahawia chenye tundu la duara, nyigu mdogo amekulia ndani na kutoka. Mayai yanayosimama juu ya vikonyo vyembamba kama unywele ni ya mdudu wa kijani mwenye mabawa ya wavu, na watoto wake ni wawindaji wakali.

Mche ukielemewa kweli, wapige vidukari kwa maji yenye nguvu, siku mbili tatu mfululizo. Ikishindikana, nyunyizia maji yenye sabuni laini kidogo, jioni nyuki wakiwa wameondoka, na pale penye vidukari tu. Angalia pia sisimizi wanaopanda shina: huwalinda vidukari ili wanywe majimaji matamu wanayotoa.

Ulizia miche na mbegu unazonunua kama zimetiwa dawa. Viuadudu vya kundi la nionikotinoidi husambaa ndani ya mmea mzima na kufika kwenye mbochi na chavua. Ni kwa ajili ya nyuki kwamba mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya vitatu kati yake kwenye mashamba ya wazi.

Hatua ya saba: ndege wakianza kujenga

Ukimwona ndege amebeba nyasi mdomoni, weka mkasi wa ua chini. Kupogoa kusubiri mpaka makinda yaondoke. Ndege wengi wadogo huatamia kama wiki mbili, na makinda hukaa kiotani wiki mbili nyingine hivi, kwa hiyo si subira ndefu. Hata ndege walao nafaka, wengi wao huwalisha watoto wadudu laini, na jozi ya ndege wadogo inaweza kupeleka viwavi maelfu kiotani kabla makinda hayajaruka. Ndiyo maana bustani iliyopulizwa dawa haina ndege wengi.

Tazama kwa mbali, ikiwezekana ukiwa ndani dirishani. Usisogee karibu na kiota kila saa, kwa sababu unawaonyesha njia wawindaji. Nyuzi za plastiki na nywele ndefu ziokotwe, maana hunasa miguu ya makinda. Paka abaki ndani alfajiri na jioni. Na kama ndege hugonga kioo cha dirisha, bandika alama upande wa nje, zikiachana sentimita 5 hivi.

Ukikuta kinda lenye manyoya likirukaruka chini, liache. Wazazi wako karibu na wanalilisha. Likiwa uchi, lirudishe kiotani kama unakifikia. Wazazi hawatalikataa kwa sababu ya harufu ya mkono wako.

Hatua ya nane: zamu ya kila siku

Hii ihesabiwe kazi kamili, kama kumwagilia. Toka alfajiri siku moja moja, kabla ya mwanga kamili, usikilize ndege. Hewa imetulia na sauti hufika mbali, na bado ni giza mno kutafuta chakula, basi huimba. Jua likichomoza pita uone tando za buibui zenye umande. Wengi wa buibui wa tando za duara huzijenga upya kila siku, na hula nyuzi za zamani. Mchana, chagua ua moja na ulitazame kwa dakika kumi bila kuhama. Hesabu wageni na uwaandike hata kwa maelezo: mwenye mistari, mdogo mweusi, mwenye miguu ya manjano. Majina utayajifunza baadaye. Jioni maua meupe yenye harufu kali hufunguka kwa ajili ya nondo, kwa hiyo zima taa za nje ili wasivutwe huko.

Shirikisha watoto, wao huona chini ya majani kabla yetu.

Weka daftari. Andika tarehe ya ua la kwanza la kila aina, kipepeo wa kwanza, kiota cha kwanza, na siku ambazo hapakuwa na ua lolote lililo wazi. Siku hizo tupu ndizo zenye faida kubwa: majira yajayo, tafuta mmea unaochanua katika wiki hizo, na usie mbegu zake mapema ili upige hatua kabla pengo halijafika.